Kiboko Mdogo wa Ibra

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vitu vya kale, Nizwa, nilikatazwa kutumia mikono. Ustadh Fawzi aliniwekea mezani jahla, ule mtungi wa kutundika wa kupozea maji, uliovunjika vipande thalathini na kitu, akaniambia, "Tazama."

"Nitazame nini, Ustadh?"

"Nikikwambia cha kutazama, utakiona hicho tu," akajibu, akenda zake kunywa chai.

Nilikaa siku tatu natazama vigae. Siku ya kwanza nilikasirika, siku ya pili nikasinzia. Siku ya tatu, jua la dirishani lilipoingia kwa upande, nikaona ndani ya kigae kimoja alama ya kidole cha mfinyanzi, mistari ya ngozi yake yote imetulia kwenye udongo kama aliyenyanyua mkono dakika ile. Nikamwita Ustadh nikamwonyesha. Akatazama, akavua miwani, akaifuta. "Haya," akasema, "sasa chukua brashi."

Mmenitaka niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau, nami nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichozungumza saa za chai, sisi tuliotoka Afrika na nyinyi watoto wetu, na kwa kuwa nataka angalau mara moja mkisome kikiwa na ngeli zake zote. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Waliopata wanajua, na waliokosa wanajua zaidi.

Nilizaliwa Ujiji, baba akiuza nguo, mama mtu wa Unguja. Tulirudi Oman nikiwa na miaka kumi na minne, na mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi iliyo juu ya karakana. Ustadh Fawzi aliniona siku moja natoa karatasi iliyokwama kwenye mashine bila kuichana, akenda kuniomba kwa mkuu wangu. Yeye alikuwa Mmisri wa Saidi, kule juu ya mto Nili, mtu mfupi, mikono midogo kama ya mtoto, na sweta moja la kahawia alilolivaa hata mwezi wa saba, kwa sababu ya kiyoyozi. Tulizungumza kwa Kiarabu, chake cha Misri na changu cha duka la Ujiji, na miaka ya mwanzo kila mmoja alikuwa akimfahamu mwenziwe nusu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Brashi laini, pamba, lenzi, hadubini moja iliyokuwa ikihitaji kupigwa kofi taa yake iwake, na vijiti vya mwanzi ambavyo kila mtu alijichongea mwenyewe. Na mate. Msicheke. Ukilowesha pamba kwa ulimi na kuizungusha taratibu juu ya uchafu wa zamani, hakuna dawa ya chupa inayofanya kazi kwa upole kama ule. Mwezi wa Ramadhani tu, vinywa vikikauka, kazi hiyo tuliiahirisha.

Kazi ngumu hazikuwa zile za vitu vilivyotupwa. Kitu kilichotupwa kimeachwa na watu, na watu ndio wabaya. Nilipata kupokea jambia la fedha kutoka Sur ambalo mwenyewe alilisugua kwa dawa ya meno kila Idi, miaka ishirini, mpaka nakshi zikalala. Nilipokea msahafu ulioliwa na mchwa, ambao mjukuu mmoja aliubandika kurasa zake kwa gundi ya viatu ili zisipotee. Hazikupotea, na hazikufunguka tena. Nikajifunza kuwa wanaopenda sana ndio wanaoharibu sana. Nilidhani nimejifunza.

Alikuja Saif. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, asubuhi, joto limeshapanda. Kijana wa miaka thelathini hivi, karani wa benki, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata. Mkononi ana boksi la karatasi za kufutia mikono, na ndani ya boksi, kati ya karatasi, kitu. Alilishika boksi mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba nge.

"Tunavunja nyumba ya babu huko Ibra, ile ya udongo," akasema. "Tumekikuta ndani ya mandusi, lile sanduku lake la mbao. Shangazi hataki kitupwe. Sisi hatutaki kikae ndani ya nyumba. Nimeambiwa nyie mnapokea vitu."

"Kwa nini hamtaki kikae?"

Akashusha sauti. "Ni nguruwe."

Nikatia mkono nikakitoa. Kilikuwa kirefu kama kidole changu cha kati, rangi ya chai iliyokolea, kizito kuliko nilivyotarajia. Tumbo limeshuka, miguu minne mifupi minene, kichwa kikubwa kimeinama kidogo. Ubavu mmoja umesuguka ukang'aa. Nikakigeuza kikanitazama, na mimi, mama wa watoto watatu, nikajikuta niko Ujiji, nina miaka saba, nimesimama na ndoo kwenye maji ya ziwa, na baba ananivuta bega kwa nguvu.

"Huyu si nguruwe," nikasema. "Huyu ni kiboko."

Saif akanitazama kama nimemtukana. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia kwa wakubwa tu. "Kiboko mie nakijua. Baba akinitandika nacho. Ni bakora."

"Bakora hiyo imepewa jina la mnyama. Ilikuwa ikikatwa kwenye ngozi yake. Hebu njoo utazame." Nikamwekea lenzi. "Nguruwe macho yake yako kando. Huyu tazama: pua, macho na masikio vyote viko juu, mstari mmoja. Unajua kwa nini? Mwili wote anauzamisha majini, hivyo vitatu anaviacha nje. Ukisimama ufukweni hivyo ndivyo unavyoviona, hakuna zaidi. Sasa tazama miguu. Nguruwe ana kwato, imepasuka pande mbili. Huyu hesabu vidole."

Alihesabu kwa muda mrefu. Akaenda mguu wa pili, wa tatu, wa nne.

"Vinne vinne," akasema kwa sauti ya benki.

"Basi. Mwambie shangazi yako tumpumzishe hapa miezi michache, tumsafishe, tujue ametoka wapi. Nitamrudisha mwenyewe, kwa mkono wangu."

Nikampa karatasi yenye sahihi yangu. Hiyo ahadi ya mkono wangu niliitoa kirahisi.

Ustadh Fawzi alirudi kutoka sala ya adhuhuri akamkuta kiboko juu ya kitambaa cheupe. Hakukaa. Alisimama, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa nami kusimama, akatazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akamchukua, akamtia chini ya hadubini, akaipiga kofi taa.

"Njoo," akaniambia. "Pembe ya ndovu ukiikata ina mistari inayopitana, kama mkeka. Unaiona hapa?"

"Siioni. Naona mistari midogo inayozunguka, imebanana."

"Hii si ndovu. Hili ni jino la kiboko. Mtu alichukua jino la kiboko akalichonga kiboko. Tazama mgongo ulivyopinda: hajaupinda yeye, ndivyo jino lilivyokuwa limepinda. Amemtafuta mnyama ndani ya jino lake mwenyewe." Akamgeuza. "Na tazama hizi alama tumboni. Hizi si za chuma. Amekwangua kwa jiwe."

"Wa wapi, Ustadh?"

"Wa kwetu." Aliisema polepole sana. "Nadhani huyu alichongwa kabla piramidi hazijawekwa jiwe la kwanza. Nadhani, nimesema. Usiandike."

Miaka kadhaa baadaye alikuja mtaalamu kutoka mbali, akasema vivyo hivyo kwa maneno mengi zaidi. Lakini mchana ule tulikuwa wawili tu, na kile kitu katikati yetu, na mimi nilikuwa nikiona haya hata kupumua kwa nguvu.

Hapo ndipo Ustadh aliponiuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe umewahi kumwona? Mnyama mwenyewe?"

"Mara nyingi. Wewe hujamwona?"

"Nimezaliwa ukingoni mwa Nili, baba yangu na babu yangu hali kadhalika. Misri haina kiboko hata mmoja. Walikwisha zamani. Tunao kwenye mawe tu." Akavuta kiti akakaa. "Nieleze."

Basi mtoto wa muuza nguo wa Ujiji akakaa akamweleza Mmisri habari ya mnyama wa Nili. Nikamwambia anavyopanda usiku kula majani, na anavyopita njia ile ile mpaka anachimba mfereji. Nikamwambia jasho lake lina wekundu, na kwamba anavyoonekana mvivu vile, mtu mwenye mbio hamwachi nyuma. Nikamwambia habari ya jirani yetu mvuvi ambaye mtumbwi wake uliumwa vipande viwili.

"Analia vipi?"

"Ustadh, naona haya."

"Nakuomba, ewe Rahma."

Nikatazama mlangoni. Nikakohoa. Kisha nikalia kama kiboko, ile sauti inayoanza kama mlango mzito na kuishia kama mzee anayecheka kifuani. Mwangwi ukapiga kwenye makabati ya chuma. Mfagiaji akachungulia, akatutazama, akaufunga mlango taratibu. Ustadh hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

"Aliisikia hiyo," akasema, akimnyooshea kidole yule mdogo. "Aliyechonga. Aliisikia hiyo, akakaa chini akachonga."

Wiki tatu nilimsafisha, kwa pamba na mate, kipande kama ukucha kwa siku. Niligundua sikio la kulia ni dogo kuliko la kushoto. Chini ya hadubini ikaonekana kwa nini: jiwe lilimteleza fundi, likabanjua, naye akalichonga upya lililobaki likawa sikio dogo. Hakumtupa. Nilicheka peke yangu. Nilimpenda yule fundi kama mtu ninayefanya naye kazi chumba kimoja.

Na kwa mapenzi hayo nikafanya nililofanya. Ilikuwa mwezi wa sita, Jumatano, tunafunga kwa mapumziko ya wiki, Alkhamisi na Ijumaa. Joto la nje lilikuwa la kuunguza. Nikafikiri: nikizima kiyoyozi, chumba kitakuwa tanuri, na huyu yuko mezani. Nikakiacha kinafanya kazi, nikamsogeza kiboko karibu nacho apate baridi. Nakumbuka nilimfunika miguu kwa kitambaa. Nilimfunika miguu.

Jumamosi asubuhi nilipofungua mlango hewa ya chumba ilikuwa kavu kiasi cha kuumiza pua. Kiboko alikuwa palepale. Kutoka begani mpaka tumboni, ubavu wa kushoto, kulikuwa na ufa. Kadi ya simu ingeingia.

Ustadh alinikuta nimekaa sakafuni.

"Nimeua," nikamwambia.

Hakuniuliza nini. Alitazama meza, akatazama kiyoyozi, akakizima. Nilingoja maneno makali. Nilikuwa nayataka. Alivuta kiti, akatia kiboko chini ya hadubini, akatazama muda, kisha akasema, "Inuka uje uone. Utalia baadaye."

Nikainuka. Ndani ya ule ufa palikuwa peupe. Nje alikuwa rangi ya chai, maelfu ya miaka ya udongo na mikono ya watu, na ndani alikuwa mweupe kama maziwa, mbichi, kama jino lililong'oka jana. Taa ikaingia kwenye ule weupe ukang'aa.

"Hapo," Ustadh akasema kwa sauti ndogo, "hajapaona mtu yeyote. Hata yeye aliyechonga. Sisi ndio wa kwanza."

Niliweka jicho tena kwenye hadubini. Sijui kuwaeleza vizuri. Nilikuwa nimefanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi, na kosa hilo limenifungulia dirisha ambalo sikustahili kulichungulia. Aibu na ajabu vilinijia pamoja, sikuweza kuvitenga.

"Nichukue gundi?"

"Usithubutu. Hili jino lilikuwa hai, na bado linakunywa. Umelitia kiu, likajikaza, likapasuka. Ukilibandika sasa, likinywa tena litapasuka mahali pengine. Lirudishie maji, lakini kwa siri. Lisijue."

Tukamtia kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, juu ya wavu, na pembeni kibakuli chenye pamba nyevu isiyomgusa. Kila asubuhi nilisoma kipima unyevu, nikaandika, nikaongeza matone au nikayapunguza. Matone mawili. Tone moja. Siku nyingine nisiongeze kitu, na kutoongeza ndiko kulikokuwa kugumu. Siku arubaini na kitu ufa ulijifunga polepole, kama jicho la mtu anayepitiwa na usingizi, mpaka ukabaki unywele tu. Unywele huo haukujifunga. Uko mpaka leo.

Ustadh alijitolea kunisaidia kuandika barua kwenda Ibra. Nikamwambia barua siandiki, niliahidi kumrudisha kwa mkono wangu.

Tulikwenda na gari ya idara, kupitia Sinaw, kiboko mapajani mwangu ndani ya boksi lake, madirisha wazi, kiyoyozi kimezimwa, dereva anatokwa na jasho na ananichukia. Saif alitupokea, akatuingiza kwa shangazi yake, Bi Zuwena, mwanamke wa miaka themanini aliyekaa juu ya godoro, mgongo wima, macho yamefifia kidogo lakini hayajaondoka.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe we mwenzetu! Wa wapi?"

"Ujiji, bibi."

"Ujiji! Basi kula tende kwanza. Habari njema hazikimbii."

"Si njema, bibi. Nikila kwanza nitakuwa nimekuibia tende zako." Nikafungua boksi, nikamweka kiboko kwenye kiganja chake, nikamwelekeza kidole kwenye ule mstari. Nikamweleza yote: kiyoyozi, kitambaa, Jumamosi. Sikusema 'kimepasuka'. Nilisema 'nimekipasua'. Nikamwambia pia umri wa kiboko, na kwamba kitu hicho hakina cha kukilipa.

Saif akasimama. "Yaani mmekichukua kizima mmekirudisha kibovu! Khalas, ndo maana nilitaka kitupwe—"

"Saif. Kaa," Bi Zuwena akasema.

Akakaa, karani wa benki.

Bi Zuwena alikuwa akimpapasa kiboko mgongoni. "Baba yangu alikaa Unyamwezi miaka mingi, biashara, kabla ya kuja Unguja kumwoa mama. Akiipenda bara kuliko nyumba yake. Alipokwenda kuhiji alirudi kwa njia ya Misri, akamkuta mtu ana kikapu cha vikorokoro, na ndani huyu. Wenziwe wakamwambia, utabeba nguruwe? Akasema, nyie hamjui, huyu ni mwenyeji wangu wa mto Malagarasi. Akamtia mfukoni. Hata tuliporudi Ibra alikuwa naye mfukoni, akizungumza na watu mkono uko mfukoni, anamsugua kwa dole gumba." Akanigeuzia ule ubavu unaong'aa. "Hivi si wewe. Ni yeye."

"Mbona hukutuambia?" Saif akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mliuliza? Mmekuja mnasema nguruwe, nguruwe. Nikanyamaza nione nani atamjua." Akanitazama. "Miaka yote hii nimengoja mtu aingie mlango huo amwite jina lake. Na wewe umempasua, ndiyo. Nimesikia. Lakini ungeweza kumbandika ukanyamaza, na kwa macho yangu haya nisingeona."

Sasa nikanyoosha mkono nikachukua tende moja. Chozi likaniangukia kwenye tende.

"Mchukue," akasema. "Mwekeni mahali watu watamwona. Nikifa mimi, nani hapa atamwita kwa jina?"

Saif alitusindikiza mpaka garini. Akainama dirishani akaniomba, kwa adabu, nimfungulie boksi mara moja. Akamtazama, kisha akanyoosha kidole, akamgusa kichwani. Mara ya kwanza bila karatasi.

Ustadh Fawzi alirudi Saidi mwisho wa miaka ya tisini. Hatukuagana kwa maneno mengi. Aliniachia hadubini na maelekezo ya mahali pa kuipiga. Baada ya hapo nilifundisha wengine, wengi wenu miongoni mwao, na kila mmoja nilimweka siku tatu na vigae, nanyi kila mmoja mlikasirika.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia tulifungua chumba kidogo cha maonyesho, na kiboko akapata kabati la kioo la peke yake, lenye unyevu wake niliokuwa nikiupima kabla ya kunywa chai. Asubuhi ya kwanza Saif alimleta Bi Zuwena kwa kiti cha magurudumu. Njiani kote, nilielezwa, alikuwa akiuliza kama wamefika. Saif aliwaeleza wageni habari ya vidole vinne kama kwamba yeye ndiye aliyevigundua. Nilimwacha.

Bi Zuwena alisogezwa mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitazama kwa muda mrefu sana. Wanafunzi wa skuli waliingia, wakatoka, yeye hajaondoka.

"Rahma," akaniita hatimaye. "Mmemweka anatazama ukuta."

"Ndivyo ilivyo kwenye mchoro wa maonyesho, bibi. Ubavu wake ndio unaoonekana vizuri kwa taa."

"Ubavu ni wa kwenu nyinyi. Yeye ana macho. Mgeuze aone watu wanaoingia."

Kanuni zilikuwa zimeandikwa, na baadhi niliziandika mimi. Nikafungua kabati mbele ya mkuu wa idara, nikamshika kiboko kwa vidole viwili, nikamgeuza. Taa ikamwangukia usoni: pua, macho, masikio, mstari mmoja, kama aliyeinua kichwa majini kwa kuwa amesikia nyayo. Bi Zuwena akamwamkia kwa Kinyamwezi, neno moja alilofunzwa na baba yake, na sikumwuliza maana yake.

Nyinyi mnaobaki, mtamkuta ameelekea mlangoni, kinyume na mchoro. Msimrekebishe.